Kulihuisha Gari Kuukuu la Familia: Breki Kwanza, Injini Baadaye, Hati Siku Zote

Katika barabara inayoshuka kutoka Mukamira na Bigogwe kuelekea Mahoko hadi mjini Gisenyi, si nadra kuona Toyota Corolla au Carina E iliyoundwa katika miaka ya 1990 ikiwa imebeba familia nzima, na buti limejaa viazi. Magari haya yamepeleka wajawazito hospitalini, yamebeba maharusi, na yamesomesha watoto kwa kipato cha teksi. Mwenye gari la namna hiyo hulitunza kama ng'ombe wa maziwa. Hata wenye uwezo wa kununua jingine huona uchungu kuliacha.

Hatimaye huja siku ambapo gari linahema mlimani. Malori yanalipita, na watoto wanauliza kwa nini. Mwenye gari analipeleka gereji, na fundi anamwambia: "Mzee, injini hii imechoka. Tuweke kubwa zaidi, utaruka kama ndege." Mara nyingi fundi huyo huyo anajua mahali penye injini ya bei nafuu, na mara nyingine mahali hapo ni ng'ambo ya mpaka.

Ndugu msomaji, hakuna kosa katika kuliboresha gari lako. Gari lililofanyiwa matengenezo mema ni salama kuliko lililoachwa lizeeke. Kosa liko katika mpangilio: watu wengi huanza na nguvu, kisha hukumbuka breki, na hati huzifikiria siku wanaposimamishwa barabarani. Makala haya yanaeleza kwa nini mpangilio huo unapaswa kugeuzwa, hasa kwetu sisi tunaoishi kati ya milima na mpaka.

Je, injini imechoka kweli?

Kabla ya kuilaumu injini, tuilaumu kwanza hewa. Injini ya petroli huchoma mafuta kwa msaada wa oksijeni, na kadiri tunavyopanda juu, hewa huzidi kuwa nyembamba. Injini isiyo na tabo hupoteza kadiri ya asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Bigogwe barabara hupita mita 2,200. Kwa hiyo injini inayotoa nguvu za farasi 100 pale Mombasa au Dar es Salaam, hapa kando ya Kivu hutoa kama 85, na kule juu hushuka chini ya 80. Gari halikuugua. Ni mlima unaodai ushuru wake.

Ikiwa gari limepungukiwa zaidi ya hapo, lipimwe. Kipimo cha kwanza ni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, na kifaa chake si ghali. Kwa injini ya 4A-FE ya lita 1.6, iliyo katika Corolla na Carina nyingi, kiwango cha kiwandani kwa injini iliyo nzima ni takriban kilo 13.5 kwa sentimita ya mraba. Kikomo cha chini ni kilo 10, na tofauti kati ya silinda na silinda haipaswi kuzidi kilo 1. Kwa sababu ya wembamba wa hewa yetu, hata injini nzima itasoma chini kidogo ya kiwango hicho. Jambo la kuangaliwa zaidi hapa kwetu, basi, ni ulinganifu wa silinda zote nne.

Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, fundi atie ndani yake kijiko cha oili na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika. Kisipopanda, kasoro iko kwenye vali au gasketi ya silinda hedi. Fundi anayekushauri ununue injini nyingine pasipo kupima hivyo amekupa maoni yake tu, na maoni si uchunguzi.

Mara nyingi kipimo huonyesha kuwa injini ni nzima, na ugonjwa uko kando: chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi zilizokwisha, nozeli zilizoziba, mkanda wa taimingi ulioruka jino, klachi inayoteleza, au breki zinazolibana gurudumu bila dereva kujua. Kurekebisha hayo yote hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya injini.

Usisahau pia kifuniko cha rejeta. Katika mwinuko wa Gisenyi maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na huko juu zaidi huchemka mapema zaidi. Kifuniko kizima huyaweka maji katika shinikizo na kuahirisha kuchemka kwa takriban nyuzi 20 zaidi. Kikilegea, gari litachemka kila mara linapopanda, na mwenye gari atadhani injini imekufa kumbe ni mpira mdogo uliopasuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari, usipobadilisha kifuniko utabadilisha silinda hedi.

Anzia chini, si juu

Sasa tuchukulie kuwa umeamua kuliongezea gari uwezo. Swali la kwanza liwe hili: je, litasimama? Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 60 kwa saa hadi 80, mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, lakini kazi ya breki imeongezeka kwa karibu asilimia 78. Wanaoiongezea injini nguvu na kuziacha breki za zamani huwa wamenunua mwendo wasioweza kuusimamisha.

Kwa miteremko yetu hesabu ni nzito zaidi. Gari linaloshuka mita 500 za kimo kwa mwendo usiobadilika hutoa joto sawa na kulisimamisha kabisa kutoka kilomita 80 kwa saa mara 20 mfululizo. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo, na sehemu na injini yenyewe endapo dereva ameweka gia ndogo. Sehemu inayobaki yote huenda kwenye pedi na diski. Dereva anayeshuka na gia kubwa huku mguu ukikaa juu ya breki huzipika. Mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamefyonza unyevu, na unyevu huo hugeuka mvuke. Kanyagio huzama hadi sakafuni, na hakuna kitu. Kila mkazi wa Rubavu anaujua mteremko wa kuingia mjini na anajua ni nani wanaokaa kando yake: wachuuzi, wanafunzi, na wagonjwa waendao hospitalini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kuliboresha gari ni breki: pedi na viatu vipya vya ubora unaofahamika, diski zilizopimwa unene, mipira ya breki isiyo na nyufa, na mafuta ya breki yaliyobadilishwa walau kila miaka miwili. Matairi nayo yaangaliwe. Breki nzuri juu ya tairi lililokwisha ni kama kamba imara iliyofungwa kwenye kigingi kilichooza.

Kazi ya pili ni springi na shokapu, ambazo mafundi wengi wa Gisenyi na Goma huzitaja kwa jina la Kifaransa. Vitu hivi viwili hufanya kazi tofauti. Springi hubeba uzito na kumeza shimo. Shokapu huituliza springi isiendelee kudunda. Shokapu ikifa, gurudumu hurukaruka juu ya barabara, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halitii usukani. Dalili zake ni mafuta yanayovuja ubavuni mwa shokapu, matairi yanayolika kwa mabaka, na gari linaloinamisha pua sana linapofunga breki. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu na uiachie. Ikipanda na kutulia, ni njema. Ikidunda mara tatu au nne, imekwisha.

Sisi wa eneo hili tuna adui wa ziada, nalo ni jiwe la volkano. Mitaa mingi ya Goma na baadhi ya mitaa ya Gisenyi imepita juu ya mawe ya Nyiragongo. Mlima huo uliporipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya Goma; na baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ilipasua nyumba na barabara hata huku Rubavu. Mawe hayo makali huchosha bushi, bolijointi na vichwa vya usukani kabla ya wakati. Kubadilisha shokapu na kuacha bushi zilizopasuka ni kupaka rangi nyumba iliyoliwa na mchwa. Yakaguliwe yote kwa pamoja, na shokapu zibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto, kisha magurudumu yapimwe na kunyooshwa.

Wapo wanaoliinua gari kwa kuweka vipande vya chuma au mpira juu ya springi ili lisiguse mawe. Kuinua kidogo kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo kunakubalika. Kuinua sana kwa vipande vya kuokoteza kuna gharama tatu: gari hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona, jointi za ekseli hukaa kwa pembe mbaya na kuvunjika, na mwanga wa taa za mbele huinuka na kuwapofusha wanaokuja. Wanaokata springi ili gari likae chini wanafanya baya zaidi, kwa kuwa springi iliyokatwa yaweza kuchomoka mahali pake. Anayebeba mizigo kila siku atafute springi za nyuma zilizo imara zaidi na shokapu zinazolingana nazo, kwani springi ngumu juu ya shokapu laini huligeuza gari kuwa mpira.

Ukiamua kubadili injini

Breki na sehemu za chini zikishakuwa tayari, injini inaweza kuzungumzwa. Njia iliyo salama zaidi ni kuifungua injini iliyopo na kuirejesha katika hali yake: ringi mpya, beringi mpya, silinda kuchongwa ikiwa zimelika, na vali kusagwa. Injini hubaki ile ile, namba hubaki ile ile, na gari hurudi kwenye nguvu zake za ujanani.

Njia ya pili ni kuweka injini nyingine ya ukoo mmoja. Mfano unaojulikana ni 4A-FE kuondolewa na kuwekwa 7A-FE ya lita 1.8. Pistoni za injini hizo mbili zina upana sawa wa milimita 81, lakini mwendo wa pistoni katika 4A ni milimita 77 na katika 7A ni milimita 85.5. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa 7A mvuto zaidi kwenye mwendo mdogo, jambo linalofaa milimani. Hata hivyo bloku yake ni ndefu zaidi kwa kimo, na fundi lazima ahakikishe maundingi, ekzosi, nyaya na kompyuta ya injini vinakubaliana. Injini iliyofungwa na kompyuta isiyo yake hunywa mafuta na kutoa moshi, kisha hufa mapema.

Njia ya tatu, ya kuongeza tabo kwenye injini kuukuu, inavutia kwa sababu tabo hurudisha hewa ambayo mlima umeinyima injini. Lakini pistoni, ringi na gasketi zilizozeeka hazikuumbwa kwa shinikizo hilo. Kwa gari la familia hatuishauri. Vivyo hivyo kuweka injini ya dizeli mahali pa ile ya petroli: kwa kawaida ni nzito zaidi, nayo huilemea pua ya gari, springi zake na breki zake.

Tahadhari moja zaidi kwa wanaonunua vipuri Gatsata mjini Kigali, soko la Kisekka mjini Kampala, au vilivyotoka Japani kupitia Dubai. Uganda, Kenya, Tanzania na Japani huendesha upande wa kushoto. Rwanda na Kongo huendesha upande wa kulia. Taa za mbele zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za kushoto huelekeza mwanga wake machoni pa dereva anayekuja. Injini ya huko inaweza kufaa hapa, lakini taa zake hazifai.

Injini ina jina lake

Hapa ndipo mpaka unapoingia. Gari halitambuliwi kwa rangi wala kwa namba ya usajili peke yake, kwa sababu hizo hubadilishwa kwa saa moja. Hutambuliwa kwa namba ya chesisi, iliyopigwa mhuri kwenye bodi, na namba ya injini, iliyopigwa kwenye bloku. Namba hizi ndizo afisa anazolinganisha na kadi ya gari, na ndizo zinazoingizwa katika kumbukumbu za magari yaliyoibwa, zikiwemo zile za INTERPOL ambazo polisi wa nchi nyingi huzitazama. Ushirikiano wa Wakuu wa Polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioanzishwa mwaka 1998, huuhesabu wizi wa magari miongoni mwa makosa yanayovuka mipaka.

Mwizi analijua hilo. Gari zima lililoibwa ni vigumu kuliuza, kwa hiyo hulivunja, na kipande chenye thamani kubwa zaidi ni injini. Huvushwa kwa njia za panya, pengine vipande vipande, hufutwa namba kwa msasa wa umeme, kisha hutolewa kwa bei inayomfanya mnunuzi asiulize maswali. Bei hiyo ndiyo inayopaswa kumfanya aulize. Anayeinunua haokoi fedha. Amenunua kesi, na injini yenyewe inaweza kuchukuliwa ikarudishwa kwa mwenyewe. Tukumbuke pia kwamba huyo mwenyewe mara nyingi ni mtu kama wewe, mwenye Corolla moja na watoto wa kulipiwa ada.

Kabla ya kulipa, safisha bloku na uisome namba kwa macho yako. Pakiwa na mikwaruzo ya msasa, herufi zisizolingana, au rangi mpya mahali pamoja tu, ondoka. Muuzaji akupe risiti yenye jina lake, tarehe, bei na namba ya injini, pamoja na hati ya forodha ikiwa injini imeingizwa kutoka nje. Injini iliyonunuliwa Goma ivushwe mchana, kupitia kituo rasmi cha mpakani, na itangazwe kwa forodha. Muuzaji anayekataa kuandika jina lake amekwisha kukueleza unachohitaji kujua.

Hatua za kufuata

Anza kwa kuuliza kabla ya kufungua boliti hata moja. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ndiyo yenye daftari la usajili wa magari. Waulize ni hati gani zitahitajika ili injini mpya iandikwe. Mjulishe pia mtoa bima wako. Gari ambalo injini yake hailingani na hati huzua mabishano siku ya ajali, na siku hiyo si siku ya kubishana. Wanaovuka kwenda Goma wakumbuke kuwa kadi ya njano ya COMESA hufuata bima iliyo halali nyumbani.

Kazi ikiisha, lipeleke gari kwenye ukaguzi hata kama muda wa cheti chako haujafika. Polisi ya Taifa ya Rwanda ina vituo vya ukaguzi wa magari Remera mjini Kigali, na pia Huye, Rwamagana na Musanze. Kwa mkazi wa Rubavu, cha Musanze ndicho kilicho karibu. Mashine za huko hupima nguvu ya breki kwa kila gurudumu, hali ya shokapu, mwanga wa taa na moshi. Zitakuonyesha kile ambacho fundi hakukiona au hakutaka kukisema.

Nanyi mafundi, fungueni daftari. Kila injini inayoingia au kutoka gerejini iandikwe: namba yake, jina la aliyeileta, na siku. Daftari hilo la bei ndogo humlinda fundi mwaminifu siku ambayo kazi yake inaulizwa. Ukiletewa injini iliyofutwa namba, ikatae, na utoe habari kwa kituo cha polisi kilicho karibu au kwa Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB. Simu ya dharura ya polisi ni 112, na ya ajali za barabarani ni 113, zote hazilipiwi.

Gari kuukuu lililotengenezwa kwa mpangilio huu litapanda Bigogwe polepole kidogo kuliko magari mapya, na hilo si aibu. Litashuka kuingia Gisenyi likiwa na breki baridi, litasimama mtoto anapokatiza barabara, na litakapofika kizuizini La Corniche, dereva atatoa kadi yake bila kutetemeka mkono. Hayo ndiyo maboresho ambayo familia iliyoketi kiti cha nyuma inayahitaji.